Masafa ya Jumamosi

4 Machi

Mwanangu Kitinda,

Nakusalimu kwa moyo wote. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananinunia nikikaa sana kwenye cherehani. Wewe je, kile kifua?

Jumamosi nilikusikia na sikukusikia. Nilichomeka kwenye kompyuta kile kiredio ulichonitumia, nikaenda kwenye masafa yetu. Kwenye kioo niliiona sauti yako imesimama kama mlima. Masikioni ulikuja vipande vipande: “Ma... baridi... je...” Redio ya marehemu baba yako ilikuwa na kelele, lakini haikumkata mtu maneno. Tangu uende huko kwenye kituo cha hali ya hewa nina maandishi yako tu, maana mtandao wenu haubebi sauti. Maandishi hayakohoi, mwanangu. Nitajuaje kama umepona?

Mamako

7 Machi

Shikamoo Mama,

Kifua kimetulia. Pole kwa magoti.

Kiredio hakina kosa. Siku hizi kazi kubwa ya redio inafanywa na programu, na sauti inapikwa ndani ya kompyuta. Mfumo endeshi wa kompyuta yako una shughuli kama jirani asiyekosa msiba wala harusi: mara unajisasisha, mara unakagua virusi, na sauti inasubiri mlangoni. Ikicheleweshwa kidogo tu, inakatika. Ongeza akiba ya sauti kwenye programu. Ni kama ndoo: ndogo hukauka upesi, kubwa haikauki ila maji huchelewa kukufikia. Spika isiyo na waya iache, nayo inachelewesha. Ikishindikana, fundi wa kompyuta akuwekee mfumo mwingine, mwepesi na wa bure.

Nami nina hamu ya sauti yako, Mama, kuliko unavyodhani.

Mwanao, Kitinda

30 Machi

Kitinda wangu,

Hujambo? Hapa tu wazima.

Ndoo kubwa ilileta sauti nzima, lakini kwa kuchelewa. Nilikuwa nakujibu wakati umeshaanza jingine, tukawa tunakatizana kama wake wenza. Nikaibeba kompyuta kwa fundi. Akacheka: “Mama, si umpigie simu tu?” Nikamwambia simu haifiki aliko mwanangu. Akaweka mfumo mpya, akaupanga ili sauti ipite kwanza, mengine yasubiri.

Leo nimefungua kabla ya saa yetu. Ulikuwa hewani na mtu mwingine, sauti safi, hata pumzi naisikia. Ulimwambia umeombwa kubaki miaka miwili zaidi na umekubali, ila hujui utamwambiaje mama. Kisha mwanamke nyuma yako akasema chakula kinapoa, ukacheka. Kicheko hicho sijakisikia tangu tumzike baba yako.

Saa yetu ilipofika ukaniita. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kusemea, sikubonyeza. Sina hasira. Ningejibu, ungesikia nalia, na wewe ulikuwa umetoka kucheka.

Huyo mwanamke ni nani?

Mamako

4 Aprili

Shikamoo Mama,

Nilianza kusoma barua yako nimesimama, nikamaliza nimekaa. Nilidhani ni hali ya anga tu, ndiyo maana hukujibu.

Ni mpishi wa kituo. Nilikuja hapa nikiwa sili, akawa anakaa mezani mpaka nile. Hiyo miaka miwili ni kweli. Niliogopa kukuandikia, nikaona heri nikwambie kwa sauti, na sauti ndiyo hiyo ikawa inakatika. Tumeomba likizo pamoja tuje nyumbani, hatujajibiwa. Jumamosi ya wiki ijayo atakaa kando yangu. Anaogopa kuliko mimi.

Mwanao, Kitinda

14 Aprili

Wanangu,

Salamu zangu ziwafikie wote wawili.

Jana nimewasikia. Mkwe wangu ana sauti nzito kuliko nilivyomfikiria. Mwanzo alikuwa anajibu “ndiyo” na “hapana” kama yuko kituo cha polisi, kisha akakushtaki kwangu kwamba unatoka nje kwenye theluji bila kofia. Hapo nikajua uko mikononi mwa mtu. Anga ilipoanza kufunga, sauti zenu zikazama polepole, nikaendelea kusikiliza ule upepo mtupu mpaka chai ikapoa.

Siwezi kusema miaka miwili ni michache. Kaeni, mfanye kazi yenu. Likizo itajibiwa itakapojibiwa. Leo nimefua mashuka ya chumba chako, kisha nikashona foronya ya pili.

Mama yenu