Mwizi Kaondoka, Wizi Umebaki

Kwako Dada mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba mikono itakayoifungua bahasha hii ina afya, na kwamba lile goti lako limekubali kupanda ngazi bila kesi. Sisi huku tu wazima kiasi cha kulalamika, na anayelalamika bado ana pumzi. Mama anakusalimu. Hakunituma nikusalimie, nasema kwa kumjua tu, maana huu mwezi wa pili ananisemesha kwa mambo ya lazima peke yake: chumvi iko wapi, funga mlango, mvua inakuja. Sababu yake utaiona mbele.

Nianze na agizo lako. Uliandika kwamba gari ulilolinunua kwa jasho la miaka sita haliwezi kugeuka kisima cha watu. Ukasema pikapu iliyokuwa inakwenda kilomita tisa na nusu kwa lita haishuki mpaka saba bila mkono wa mtu, na kama mkono huo hauko kwenye usukani, basi nikuonyeshe ulipo. Ukamaliza kwamba ujomba ni ujomba na dizeli ni dizeli. Nimpokonye Mjomba, dereva wetu, funguo.

Nilitii siku ile ile, na sina budi kukueleza nilivyotii. Ilikuwa saa nne asubuhi, karakanani, mbele ya maseremala wetu wawili na mama mmoja aliyekuja kuchukua mlango wake. Ningeweza kumwita Mjomba pembeni. Sikumwita. Nilitaka ionekane kwamba kwangu kazi haina mjomba. Nikamwambia kwamba mafuta yanapotea, kwamba kile kidumu cha lita tano nyuma ya kiti chake kinanuka dizeli, na kwamba Dada amekwisha kata shauri. Seremala mkubwa, ambaye akitaka asisikie jambo hupiga nyundo, alianza kugongelea msumari uliokwisha zama. Yule mama mwenye mlango ndiye aliyesikia kwa niaba ya mtaa mzima. Mjomba akapangusa vumbi la mbao mezani kwa kiganja, akaweka funguo pale palipopangusika, akasema amesikia. Basi. Mtu wa miaka sitini na mbili, aliyetoka tumbo moja na Mama, akavaa kofia yake akaenda zake kwa miguu.

Jioni Mama aliniuliza kama siku hizi na damu nayo tunaipima kwa lita. Tangu hapo ndiyo chumvi, mlango, mvua.

Nikashika usukani mwenyewe. Nikanunua mfuniko wa tangi wenye kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni kama hirizi. Nikapeleka milango na vitanda kwa wateja wetu wa kila wiki, nikajaza mafuta, nikagawa kilomita kwa lita. Saba. Nikasema labda hesabu imenipiga chenga. Wiki ya pili nikagawa tena: sita nukta tisa. Dada, mwizi alikuwa ameondoka na wizi umebaki. Nilifika mahali pa kujishuku mwenyewe. Asubuhi moja nilinusa mikono yangu kabla ya kunawa.

Hapo udadisi ukanishika, na wewe unajua ukinishika hauniachii nguo. Nilikwenda gereji kwa yule fundi wanayemwita Daktari, kwa sababu husikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini sikioni. Alisikiliza, akafumba macho, akatamka kwamba mgonjwa ana njaa lakini hana ugonjwa wa kurithi. Nilipomsimulia habari za kidumu alicheka hadi akaweka bisibisi chini. Aliniuliza kama nimewahi kuishiwa dizeli porini. Nikasema sijawahi. Akasema ndiyo maana nina maneno mengi. Akanieleza kwamba dizeli ikikauka, hewa huingia kwenye mabomba, na hata ukipata mafuta gari haliwaki mpaka uitoe hewa hiyo kwa mkono, ukiwa umelala chini kama mjusi. Kwa hiyo dereva wa dizeli mwenye akili hubeba kidumu chake. Wa kushukiwa, alisema, ni yule asiyebeba.

Kisha akanifundisha kupima, maana kwa maoni yake nilikuwa napima kama mtu anayempima kimo mtoto anayekimbia. Dizeli hutoa povu; bomba la kituoni likigusana na povu hujikata, nawe unaondoka ukidhani umejaza. Siku hizi nasubiri povu litue, nalitikisa gari kwa bega mpaka tumbo la tangi licheue hewa, naongeza tena hadi mafuta yaonekane shingoni. Mhudumu wa kituo ameanza kunikimbia. Juzi alimwambia mwenzake kwamba yule jamaa anayecheza na gari lake amekuja, zamu yako.

Baada ya hapo tukalipekua gari kama askari wa forodha. Chujio la hewa tulilikuta limeshiba vumbi la mbao, mbao zetu wenyewe, maana tunaliegesha chini ya dirisha la mashine ya randa. Injini ilikuwa inapumua kwa kupitia godoro, na ule moshi mweusi niliokuwa nausifia kuwa ni nguvu ulikuwa dizeli isiyoungua. Tukaweka chujio jipya. Halafu Daktari akanituma niendeshe kilomita ishirini, nirudi, nishuke mbio nikaguse ringi moja moja. Tatu zilikuwa za uvuguvugu. Ya nyuma kushoto ilinifundisha adabu. Nikainyunyizia maji yakalia kama vitunguu kikaangoni. Kebo ya breki ya mkono ilikuwa imeshika kutu, gurudumu likawa linavutwa mbele na injini na kurudishwa nyuma na breki, kama mbuzi anayepelekwa asikotaka. Mwisho aligundua kwamba kile kidude kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke kabla injini haijapata joto hakipo kabisa. Aliyetuuzia alikwisha king'oa. Injini ikawa inashinda baridi siku nzima, na mwenye baridi, alisema Daktari, hula sana.

Tulirekebisha vyote. Nikapima kwa ule upimaji wa kutikisa: nane nukta sita. Daktari akasema kwa gari la umri ule nimshukuru Mungu, nifute mikono. Lakini Dada, tulilinunua likiwa halina hicho kidude cha joto na bado lilikwenda tisa na nusu. Sasa limepona kila kidonda na linakwenda nane nukta sita. Mgonjwa gani huyu anayekuwa hoi baada ya kupona? Ile kilomita moja iliyobaki ilinikosesha raha kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Nilichungulia chini ya gari kutafuta tone, nikatandaza magazeti chini ya tangi, nikayasoma yote bila kukuta doa la mafuta.

Wazo lilinijia nikiwa njiani. Barabara kuu ina zile nguzo fupi nyeupe, moja kila kilomita. Nimezipita tangu utotoni nikidhani ni za kufungia mbuzi. Nikasimama kwenye nguzo namba kumi, nikaandika namba ya mita ya gari, nikaenda mpaka nguzo namba sitini. Hapo hata mtoto wa chekechea atakwambia ni kilomita hamsini. Mita ilisema arobaini na tatu na nusu. Nikageuza, nikarudi nikizihesabu nguzo kwa sauti. Arobaini na tatu na nusu tena.

Nilikaa kwenye ile nguzo kama kuku anayeatamia. Gari halikuwa linakunywa sana. Lilikuwa linahesabu kidogo. Ukirudisha zile kilomita zilizoliwa na mita, ile nane nukta sita inakuwa tisa nukta tisa, na hakuna hata tone la kumdai mtu.

Nilikimbia kwa Daktari nikiwa na furaha ya mgunduzi. Akanieleza kwamba mita haina macho ya kuona barabara. Kazi yake ni kuhesabu mizunguko ya gurudumu tu. Gurudumu likiwa kubwa kuliko lile la kiwandani, mzunguko mmoja unameza ardhi zaidi, na mita haina habari. Akayatazama matairi, akayatazama tena, akaniuliza kama yalikuja na gari.

Sasa nimefika pale nilipokuwa napakwepa tangu mstari wa kwanza. Matairi hayakuja na gari. Niliyaweka mimi. Fundi wa pancha alikuwa na manne makubwa, mapana, yenye meno kama ya trekta, na nilipoyaona roho haikutulia. Nikampa yetu, ambayo hayakuwa na kosa lolote, na juu yake nikamchongea kitanda. Gari likainuka. Likaonekana la mtu anayetambulikana. Watu wakaanza kunipungia mkono kabla sijawapungia, na Dada, mimi mtu wa kupungiwa mkono sijawahi kuwa. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utakachosema, na ungekuwa na haki. Juma lile lile kilomita zikaanza kupungua, nami nikaandika kwenye daftari, nikakutumia, nikakutazama unavyomgeukia Mjomba. Naapa sikuwa najua. Lakini kutojua kwangu kulikuwa na starehe fulani, na hilo nalikiri.

Laiti ningeishia hapo. Nilipokwisha jua, nilikaa siku nne bila kumwambia mtu. Nilirudi kwa fundi wa pancha kuyaomba ya zamani. Matatu anayo, la nne limekwisha pata ajira kwenye mkokoteni. Nia yangu ilikuwa niyarudishe kimyakimya, kisha nikuandikie kwamba tatizo lilikuwa breki, chujio na mita mbovu, na Mjomba arudi kazini kama vile hakuna lililotokea. Nilianza hata kuiandika barua hiyo. Geuza karatasi hii ya mwisho, utaona mistari mitatu niliyoifuta. Ilikuwa barua nzuri.

Jumamosi nikaenda na funguo nyumbani kwa Mjomba. Nilimkuta barazani akitia kisigino kiatu chake. Ameanza kutembea sana. Nikamsomea shairi langu lote: breki, chujio, mita mbovu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapiga msumari mmoja, kisha akaniuliza kwa upole kama na matairi nimemwandikia dada yangu, au hayo nimeyaacha ya kushtukiza.

Alikuwa anajua, Dada. Yeye hapiti njia moja mara mbili bila kuijua kwa tarakimu. Aliniambia kwamba safari ya kwa mteja wetu wa mbali siku zote ilikuwa inahesabu sitini na mbili, na tangu matairi yale ikawa hamsini na nne. Barabara si nguo, haifuliwi ikafupika. Nikamuuliza, karibu kwa hasira, kwa nini basi alinyamaza siku ile karakanani wakati neno moja lingemwokoa. Akasema alidhani najua. Aliyeweka matairi ni mimi, mwenye daftari ni mimi. Akaamini kwamba nazipunguza kilomita makusudi, ili dizeli niliyoiuza mwenyewe ionekane imenywewa na gari. Na kwa kuwa mimi ni mtoto wa dada yake, akaona aibu hiyo aibebe yeye, mtu mzima, kuliko kuniumbua mbele ya watu niliowaajiri. Kwa muda wote huo yeye aliniona mimi mwizi na akanisitiri. Mimi nilimwona yeye mwizi na nikamwanika. Sote wawili tulikosea, lakini naona makosa yetu hayalingani uzito.

Nilimwomba radhi. Alisema radhi ameitoa, hiyo haina shida, lakini funguo hazipokei. Anasema hakufukuzwa na mimi, mimi nilikuwa tarishi tu, na tarishi hana mamlaka ya kumrudisha mtu. Anataka barua kutoka kwako, yenye jina lake juu ya bahasha, ikisema kilichopotea ni nini na aliyekipoteza ni nani. Na kwa kuwa miwani yake ilivunjika, ameomba isomwe karakanani, saa za kazi, mashine zikiwa zimezimwa, wale waliosikia la kwanza wawepo walisikie la pili. Yule mama wa mlango amekwisha alikwa. Mama amechukua funguo na kusema hazitoki kwake mpaka siku hiyo. Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote aliyonipa tangu mambo haya yaanze. Gari limeegeshwa, milango sita inasubiri, na msomaji aliyeteuliwa na Mjomba ni mimi.

Kwa hiyo nakuomba usichelewe kuiandika, na usinihurumie, maana ukinihurumia atajua tumepatana. Ila, Dada, chonde, tumia maneno mafupi. Nitayasoma nikiwa nimesimama.

Wasalimie wote walio nawe hapo, uwapige busu watoto, na umwambie shemeji kwamba akisikia mtu anasifia matairi makubwa, ahame mtaa. Nakutakia afya, na goti likae sawa.

Ni mimi mdogo wako, tarishi,

Wa Karakanani