Kwa Nini Sikununua Ile Nyeupe

Komini ya Kikula, Likasi
Tarehe 20 Februari 2024

Mpendwa Yaya Arsène, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu na za wote wa hapa nyumbani. Afya yako ikoje huko Liège? Kile kikohozi cha Desemba kimekwisha? Watoto, Estelle na Divin, wanavumiliaje baridi? Sisi huku mvua haitupi nafasi hata ya kuanika nguo, lakini tunapumua, na Mungu ashukuriwe.

Barua hii nampa Sista Henriette, ambaye anasafiri kesho kutwa. Simu ningeweza kupiga, lakini kila nikiishika nairudisha mezani. Kwenye simu ungenikata maneno kabla sijafika mwisho, na mimi ningelia. Kwa hiyo soma mpaka chini, Yaya, ndipo unihukumu.

Baba yuko hai. Nalitanguliza hilo. Yuko hapa kwangu, amelala chumba cha mbele, na amekwisha kugombana na kila mtu.

Sasa habari ya motokari. Ile nyeupe ndefu ya viti vya ngozi, uliyoichagua kwenye picha, sikuinunua.

Unajua hali ilivyokuwa. Tangu Baba ajikate mguu na jembe kule shambani, upande wa Mwadingusha, kidonda kilikataa kupona kwa sababu ya sukari yake. Daktari alitaka kumwona kila wiki. Pikipiki ilimwangusha mara moja, naye akaapa hataipanda tena. Kuhamia mjini hataki, anasema hawezi kuwaachia nyani kaburi la Mama. Ndiyo maana ulituma fedha, na ndiyo maana Jumamosi tarehe kumi nilitoka asubuhi kwenda kuichukua ile nyeupe.

Nilikwenda na Kabongo, yule fundi wa karibu na soko. Akaizunguka, akalala chini yake, akainuka akijipangusa magoti.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini motokari ya pori haipimwe ku lami, Mama Danielle. Tuipeleke kule kwenye itateseka."

Muuzaji alikunja uso, ila alikubali. Nikapanda naye. Kabongo akatufuata na kajeep kadogo ka bluu, ka milango miwili, ambako mwalimu mmoja mstaafu wa Kambove alikuwa amekaacha kwenye gereji ya Kabongo kanatafuta mnunuzi. Yaya, nilikacheka kale kajeep. Kalikuwa kama sanduku la mkate lenye magurudumu.

Kwenye barabara nzuri ile nyeupe iliteleza kama mafuta. Tulipoingia njia ya shamba nilianza kusikia mawe yakigonga chini, na kila likigonga muuzaji alifumba jicho moja. Wingu jeusi lilikuwa limekaa upande wa mto Lufira.

Juu ya kile kilima chenye mtandao, simu yangu ililia. Alikuwa Marlène, mjane anayelima jirani na Baba.

"Danielle, kuya mbio! Muzee anawaka moto. Muguu imekuwa mweusi, na miye hanijue tena!"

Sikumbuki nilimjibu nini. Nilimpiga muuzaji begani, nikamwambia akimbize. Maskini, alikimbiza.

Unalikumbuka daraja la magogo, na lile tuta la kulipandia? Ile nyeupe ni 4x4 kweli, sikudanganyi. Lakini tumbo lake liko chini na mgongo wake ni mrefu. Ilipanda tuta, tumbo likakaa juu, magurudumu ya mbele yakabaki yanazunguka hewani. Haikwenda mbele, haikurudi nyuma, na daraja likafungwa. Mvua ikaanza kudondoka, matone makubwa.

Zilikuwa zimebaki kilomita sita, na Baba anaoza mguu. Nilitaka kuzikimbia kwa miguu. Nilishavua viatu.

Kabongo akashuka, akatazama pale chini ambapo wanawake huvuka kijito na mihogo. Maji yalifika magotini. Akarudi, akaingiza ile gia fupi ya pili, ile ya nguvu.

"Panda," akaniambia. "Na usifungue mulango. Hata mayi ikiingia, usifungue."

Kajeep kakashuka ukingo kama mbuzi. Maji yakaingia miguuni mwetu. Nilisali kwa sauti, Kabongo akitukana mawe, na tukatokea ng'ambo.

Baba nilimkuta sakafuni, Marlène anamkanda kwa maji. Aliniita kwa jina la Mama. Ile harufu sitakuandikia. Tuling'oa kiti cha nyuma, tukakiacha mvuani, tukamlaza amejikunja, kichwa chake mapajani pangu. Marlène akakaa mbele.

Tuliporudi kwenye kijito maji yalikuwa yamepanda mpaka kiunoni, mekundu, yanabeba matawi. Muuzaji alikuwa bado kwenye tope, anafukua chini ya motokari yake kwa kifuniko cha sufuria. Kabongo akasimamisha kajeep ukingoni, akayatazama. Hapo ndipo nilipoogopa.

Marlène akafungua mlango bila kuuliza, akaokota mti, akaingia majini. Alitembea mbele yetu akipima mawe, hatua kwa hatua, akitupungia mkono: huku, huku. Muuzaji, na hili sitalisahau, aliacha kufukua, akaingia kutoka upande wake, akasimama pale mkondo ulipokuwa mkali ili Marlène apate wa kumshika.

Katikati, injini ikakohoa. Mara ya kwanza, mara ya pili. Niliuona mguu wa Kabongo ukisogea juu ya pedali ya klachi.

Sauti ya Baba ikatoka mapajani pangu, nyembamba lakini kali, ile ile ya miaka yake ya kuendesha malori ya mgodi.

"Usiguse embrayage, weye mutoto! Acha itembee yenyewe. Ukikanyaga, tumekufa."

Kabongo akauondoa mguu wake kwenye klachi. Kajeep kakaendelea polepole, kanatetemeka, maji yakigonga taa. Kisha pua yake ikainuka, nikaona majani.

Hospitalini walimpasua siku hiyo hiyo. Yaya, jikaze: wamemkata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Daktari aliniambia wazi kwamba tungechelewa mpaka Jumapili, angekata chini ya goti, na pengine hata hilo lisingesaidia.

Jumatatu nikakanunua kale kajeep. Sikukuuliza, kwa sababu niliogopa utasema hapana. Hilo ndilo kosa langu, nalikiri. Mabaya yake pia nakuambia. Kanapiga kelele, kanatikisa mifupa, mizigo hakabebi, na wewe na shemeji mkija na watoto hatutaenea. Najua ulitamani Baba apande kitu cha heshima mbele ya majirani, baada ya miaka yote aliyovuta vumbi la wengine. Mimi pia nilitamani. Lakini kana tumbo la juu, ni kepesi, ni kafupi, na Kabongo anakajua kila msumari.

Ile nyeupe waliivuta siku ya tatu. Muuzaji alikuja kumwona Baba na machungwa. Marlène naye analinda shamba. Nimemshukuru, akaniambia niache maneno mengi, nimpelekee chumvi.

Mimi najifunza kuendesha. Jana nilimpeleka Baba kubadilishiwa bandeji mwenyewe, moyo mkononi. Aliniangalia gia zote bila kusema neno, na unajua, kwa Baba kunyamaza ni sifa.

Msalimie sana shemeji, wabusu Estelle na Divin. Mume wangu Gauthier anakusalimia, na shangazi Julie anasema bado anakudai barua. Bwana akufunike wewe na nyumba yako, akuongoze salama barabarani na majini.

Kama umekasirika, Yaya, kasirika, nitapokea. Ila mpigie Baba kwanza. Mchana huu amesimama mlangoni mara mbili, kwa miguu yake miwili.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikuvunjia neno,

Danielle