Siku Arobaini na Tisa Barabarani

Sa Dec, 16 Machi 1993

Mdogo wangu Thoai,

Salamu nyingi. Huku sote tu wazima, ila nyumba imekuwa kubwa. Mgongo wako je? Jana tulisoma sala za wiki ya pili. Watu walikuja wengi kuliko viti, wakakaa hata kwenye kitanda cha mama. Sikuwakataza.

Nakuandikia kwa sababu ya nadhiri uliyoweka mbele ya jeneza: siku arobaini na tisa bila nyama wala samaki, ili njia ya mama kule aendako iwe nyepesi. Mimi niko nyumbani na jiko langu. Wewe unaendesha lori siku nne kutoka Saigon hadi Hanoi, unakula kwenye vibanda ambavyo hata chai inanuka samaki. Unakula nini hasa? Nitajie kwa majina. Usiniandikie "nakula vizuri."

Nimempa dereva mwenzenu kifurushi chako. Kuna karanga na ufuta vilivyotwangwa kwa chumvi, tofu ya soya iliyokaushwa, na wali wa kunata wenye choroko. Wali uule siku hiyo hiyo. Nimeufunga kwa majani mawili ya mgomba, upande laini wa jani ukielekea ndani, kama alivyokuwa akifunga mama.

Tarehe 19 Aprili ndiyo siku ya arobaini na tisa tangu mama afariki, tunamaliza matanga. Wewe ndiye mwana wa kiume pekee, kumchomea ubani ni kazi ya mkono wako.

Dada yako,
Lieu


Quang Ngai, 24 Machi 1993

Dada Lieu,

Shikamoo. Mgongo unauma palepale pa siku zote, kwa hiyo mimi ni mzima. Kifurushi kilifika. Wali niliumaliza kabla dereva hajamaliza kunisimulia safari yake.

Umetaka majina. Asubuhi mkate na tofu. Jioni wali na zile karanga zako. Mchana, kila tukipita hapa Quang Ngai, nakula kwa mama mmoja mwenye kibanda karibu na daraja. Nilimweleza tangu siku ya kwanza: sitaki nyama, sitaki samaki, sitaki sosi ya samaki. Ananikaangia matembele kwa vitunguu saumu, matamu mpaka naongeza wali mara tatu.

Mzee Quy, tunayepokezana naye usukani, ananiita Mtawa. Jana alikuwa na paja la kuku mkononi, akaniambia, "Mtawa, ukianza kulia mbee nitakufunga kamba nyuma ya lori." Nikamjibu, "Na wewe ukianza kutaga, mzee, mayai tutagawana."

Dada, mama aliponiita siku ile nilikuwa njiani na shehena ya saruji. Nilifika amekwisha kufunikwa. Hili angalau nataka nimfanyie bila doa.

Mdogo wako,
Thoai


Hai Van, 6 Aprili 1993

Dada Lieu,

Shikamoo. Leo sina habari njema.

Jana nilizunguka nyuma ya kile kibanda cha Quang Ngai kutafuta maji ya kunawa. Nikamkuta yule mama anachota kitu cheupe kutoka kwenye kopo, anakitia kwenye kikaango, na matembele yangu yako pembeni yanasubiri.

"Mama, hicho nini?"

"Mafuta."

"Mafuta ya nini?"

Akanishangaa. "Ya nguruwe, baba. Kwani ya nini tena? Wewe ulikataza nyama. Mafuta hukuyasema."

Na kweli sikuyasema. Nimekula pale mara sita. Mara sita, dada, nimemtumia mama yetu mafuta ya nguruwe nikidhani namtumia thawabu.

Kwa hiyo naanza upya. Leo ndiyo siku yangu ya kwanza. Tarehe 19 sitakuja. Nitasimamaje mbele ya picha yake nikiwa na ubani mkononi, niseme nimetimiza? Mtafutieni binamu yeyote ashike.

Sufuria ya mtu siiamini tena. Tangu jana ni wali mweupe na chumvi tu. Leo tukipanda mlima huu wa Hai Van usukani ulinizidi nguvu. Mzee Quy alinipokea usukani bila kunitania, na hilo ndilo lililonitisha.

Mdogo wako,
Thoai


Sa Dec, 9 Aprili 1993

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Kwanza kula.

Wali na chumvi si chakula cha mtu anayeendesha tani kumi mlimani. Nunua mafuta ya karanga mwenyewe, nunua tofu, choroko, mboga. Pika mwenyewe kando ya lori. Fenesi bichi likichemshwa na sosi ya soya linashibisha kutwa nzima. Nimekwisha kuzika mmoja mwaka huu, Thoai.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Unajua mama mwezi wake wa mwisho aliacha kabisa nyama na samaki. Wiki yake ya mwisho hakuweza kumeza kitu. Nikachemsha kichwa cha samaki, nikachuja mchuzi, nikautia kwenye uji wake wa mchele. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni uyoga. Akanywa nusu bakuli, akanishika kidole hiki kidogo, akalala.

Kama njia yake imechafuka, mimi nilitangulia kuichafua, tena kwa kujua. Wewe hukujua.

Nikasirikie ukitaka. Lakini kula, na uje.

Dada yako,
Lieu


Sa Dec, 14 Aprili 1993

Thoai,

Hujambo? Madereva watatu wamepita, hakuna aliyeleta neno. Mmoja anasema kuna lori lenu limeonekana shambani karibu na Da Nang. Hajui ni lipi. Hata ukiandika "sitaki kukuona," nitafurahi kuuona mwandiko.

Dada yako


Nha Trang, 16 Aprili 1993

Dada Lieu,

Shikamoo. Ni mzima, na mwandiko ndio huu. Nampa dereva wa basi, atanitangulia.

Lile lori lilikuwa letu. Tarehe 12 macho yaliingia giza, Mzee Quy akaunyakua usukani, tukaishia na gurudumu moja kwenye mpunga. Hakuna aliyeumia. Barua yako ya uji nilikuwa nayo mfukoni tangu asubuhi ile. Niliisoma nikakasirika, nikasema sitakujibu. Hasira na njaa vilipanda pamoja.

Mzee Quy aliniacha nimekaa kwenye tuta, akaenda sokoni. Akarudi na sufuria mpya, jiko la mafuta ya taa na kilo ya choroko. "Sufuria hii haijawahi kuonja nyama," akasema. "Pika, Mtawa. Mimi nina wajukuu." Sasa napika kila kituo, choroko, tofu na nyanya, matembele kwa mafuta ya karanga. Mzee analalamika kwamba hakuna ladha, kisha anakwangua ukoko.

Bado sijajua niseme nini kuhusu uji. Ninachojua ni kwamba uliyekuwa pale ukishikwa kidole ni wewe.

Nitakuja. Siku arobaini na tisa sinazo. Kufikia tarehe 19 nitakuwa na kumi na nne safi, na ndivyo nitakavyomwambia mama, pamoja na zile sahani sita. Zilizobaki nitazimalizia barabarani. Wewe nawe umwambie la kwako. Tutasimama pamoja.

Msianze bila mimi. Niko njiani, dada, na nimeshakula.

Mdogo wako,
Thoai