Mfupa Kooni mwa Katekista

Bugomora, 4 Novemba 2024

Dada Adelgunda,

Shikamoo. Ninaandika kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, nusu nyingine unaitunga mwenyewe. Habari za Ihanda, habari za masikio, na yule jogoo wako mwizi? Mimi mzima kuanzia kichwani hadi mapajani. Chini ya hapo kuna magoti, na magoti ni habari nyingine. Mvua ikiwa bado iko Rwanda, yenyewe yameshajua.

Zile soksi za magoti ulizonifumia zilinifaa mno. Jumapili nilipanda hadi kanisani bila fimbo, watu wakadhani nimetubu. Sasa mbwa wangu Katekista, niliyempa jina hilo kwa kuwa anaamsha watu alfajiri bila kuombwa, ameitafuna ya kulia. Usimkasirikie. Ana mfupa kooni tangu juzi. Mdomo uko wazi, udenda unamwagika, sauti imekauka, maji hayataki. Nilimkamata nikaingiza mkono kooni kuutafuta huo mfupa. Sikuupata, ila ameniachia mikwaruzo ya meno vidoleni. Nimepaka chumvi na majani machungu ya mubirizi.

Soksi nimempa Edgar wa bodaboda, iko kwenye kikapu cha ndizi. Tazama kama inatibika.

Mdogo wako,
Kashaija


Ihanda, 7 Novemba

Mdogo wangu Kashaija,

Marahaba. Mimi mzima, jogoo mzima, ndizi nimezipokea. Soksi niliishughulikia kwanza. Nilifumua palipotafunwa, nikakata nyuzi mbovu kwa meno kama kawaida yangu, nikafuma upya. Barua niliisoma mwisho, maana barua zako nazijua, hazina haraka.

Hii ilikuwa na haraka. Hakuna mfupa, Kashaija, hicho ni kichaa cha mbwa. Umemsahau Nshimiyimana aliyekuwa akichunga ng'ombe wa baba? Naye aliutafuta mfupa kooni mwa mbwa. Mwisho wake alikuwa akiona maji kwenye kibuyu, koo linajifunga, anapiga kelele. Baba akatufukuza tusione.

Osha mkono huo kwa sabuni na maji yanayotiririka, uoshe sana. Mwite bwana mifugo, mbwa asiguswe na mtu. Kisha nenda hospitali ukachomwe sindano. Usiniambie goti. Soksi ya kulia iko tayari, lakini huipati mpaka nione kadi ya sindano. Goti moja likae uchi.

Dada yako,
Adelgunda


Bugomora, 11 Novemba

Dada,

Shikamoo, mkuu wa mkoa. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na maji glasini na unayanywa.

Katekista hayupo. Aling'ata mbuzi, akajilaza kwenye mibuni akitetemeka. Bwana mifugo alipofika alimtazama mara moja tu, akanitazama mimi mara nyingi. Nimemzika kwa koleo refu, bila kumgusa. Siku hizi tunaamshwa na jua, na jua huchelewa.

Hospitali nimekwenda. Nimechomwa ya kwanza, kadi iko kikapuni, ikague halafu uirudishe. Lakini sikuandika kwa ajili hiyo. Muuguzi aliniuliza, "Mzee, nani mwingine amegusa udenda wa huyo mbwa?" Nikasema hakuna. Nilipofika mlangoni nikakumbuka soksi, nikarudi. Nikamweleza kwamba dada yangu anakata uzi kwa meno tangu usichana, na mvua zikianza midomo yake hupasuka kama udongo wa njiani. Hakucheka. Alisema udenda ukishakauka hatari yake ni ndogo, ila ndogo si hakuna, naye aje aonwe.

Dada, nenda. Nilikutumia kifo kwenye kikapu cha ndizi, na sijui nikitanie vipi.

Mdogo wako,
Kashaija


Ihanda, 14 Novemba

Kashaija,

Marahaba. Kadi nimeiona, nairudisha, na soksi yako hii hapa. Ahadi ni ahadi.

Mimi siendi. Mdomo ulikuwa umepasuka, kweli, na sasa umepona. Nina sweta za watoto wa kipaimara hazijaisha. Tena hospitali ni mbali, na magoti yangu hayafiki hata zizini. Ulidhani vipimo vya soksi zako nilivipata wapi? Nilipima langu.

Dada yako,
Adelgunda


Bugomora, 16 Novemba

Dada,

Shikamoo. Soksi nairudisha. Kesho ni siku yangu ya sindano nyingine, na siendi mpaka wewe uchomwe. Biashara hii umenifundisha mwenyewe.

Nimempigia simu jirani yako Edith akupeleke hospitali. Anasema umemfukuza kwa sindano za kufumia. Vizuri. Tumetoka tumbo moja, basi tukibweka tubweke wote, mimi Bugomora na wewe Ihanda, watu wa Nkwenda hapo katikati wakose usingizi.

Kila asubuhi najipima kwa kikombe cha maji. Leo yamepita. Wewe je?

Mdogo wako,
Kashaija


Bugomora, 18 Novemba

Dada,

Shikamoo. Edgar, niliyemtuma kuchukua jibu lako, amerudi na kikapu kitupu. Anasema mlango wako umefungwa na jogoo yuko juu ya paa. Edith hapokei simu. Sindano yangu ilikuwa jana, sikwenda. Vidole vinawasha, sijui ni kovu au ni nini. Maji yamepita, ila nimeyatazama muda mrefu kabla ya kuyanywa.

Nijibu hata kwa matusi.

Kashaija


Ihanda, 18 Novemba

Mdogo wangu mjinga,

Marahaba. Mlango ulifungwa kwa sababu nilikuwa hospitali. Edith alikuja na pikipiki na wanaume wawili, nikapandishwa kama gunia la kahawa. Nimechomwa mkono wa kufumia, ndiyo maana mwandiko unayumba.

Nimemwambia daktari kuhusu mgomo wako. Amesema siku moja mbili zilizopita zinavumilika, ila kutokwenda kabisa ni kujichimbia kaburi. Edgar ameshika barua hii na ameagizwa asiondoke kwako bila wewe. Panda. Soksi ya kulia ivae njiani. Nami nimeanza kujifumia za kwangu, mbili.

Kunywa maji, halafu uniandikie yamepitaje.

Dada yako,
Adelgunda


Bugomora, 20 Novemba

Dada,

Shikamoo. Nimechomwa. Edgar alinisubiri hadi chumba cha sindano, kama polisi.

Maji yamepita. Rubisi ya ndizi imepita vizuri zaidi.

Mdogo wako,
Kashaija