Kwa Luca, Anayeitaka Kazi Yangu

Mpwa wangu Luca,

Simu hupokei, na ujumbe wako wa juzi umenikalia kifuani. "Mjomba, basi. Mpira nimeacha. Nitafutie kazi kama yako, nije London." Umeandika Kiswahili kitupu, wewe ambaye tangu mdogo nakusemesha Kiswahili unanijibu Kiitaliano. Hapo nikajua mambo ni mazito. Basi nakujibu hapa hadharani, kwenye ukurasa wetu sisi watu wa pwani tulioko Uingereza. Najua mamako huusoma kila asubuhi, naye atakusomea utake usitake.

Naandika miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi, hapa Wembley. Jana kulikuwa na mechi, nimesimama tangu mchana, na mvua ya huku hainyeshi ikaisha, inakupakapaka tu.

Wajua mimi si mtu wa kuchoka. Enzi zangu Malindi nilipiga shuti, kipa akaenda nalo, wavu ukang'oka, wakaokotwa wote watatu barabarani: kipa, mpira na wavu. Uliza mtu yeyote. Kiitaliano nilikijua kwa kuwauzia watalii wa Kiitaliano vinyago, kabla babako hajakanyaga Malindi akamwona dada yangu. Na nani alimfundisha babako kumwamkia bibi yako? Mimi. Kama si mimi, wewe hungezaliwa. Kwa hiyo nikisema nimechoka, jua nimechoka kweli.

Nakukumbuka kule kwenu Italia, mdogo hivi, unapiga mpira kwenye mlango wa gereji mpaka yule bibi wa ghorofa ya juu akateremka na ufagio. Nikamwambia, "Signora, huyu atakuja kulinunua jengo zima." Akasema, "Aanze na kioo changu." Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Timu kubwa ilipokuchukua ukalale bwenini kwao ujifunze mpira, mamako alilia, mimi nikaitangazia London nzima. Walipokuacha kwa sababu eti hujarefuka, sikumtangazia mtu. Ukashuka daraja la nne, kwenye mji wenye kanisa, kiwanda cha vigae na kituo cha petroli, basi. Asubuhi unapanga vigae, jioni mazoezi. Dereva wa basi la timu ndiye huyohuyo mfua jezi. Benchi, goti, benchi tena. Sikulaumu kwa kuchoka, baba. Hata mimi nilikuwa nachoka nikikuuliza tu kwa simu, "Umecheza?"

Sasa sikiliza hiyo kazi unayoitaka. Steward anachunga mashabiki. Unasimama ukingoni, mgongo uwanjani, macho kwa watu. Nyota wa dunia nzima wanakimbia nyuma yangu, hatua chache tu, na mimi namwangalia mtu anakula chipsi. Ukigeuka, msimamizi anakuita pembeni. Miaka yote hii sijaona bao hata moja kwenye uwanja ule. Nayajua kwa nyuso: midomo inafunguka kwanza, kelele zinafuata. Na hakuna anayesimama kama mimi. Goli lingeanguka nyuma yangu nisingegeuka.

Ndiyo yaliyonipata kwenu ile Jumapili nilipokuja kukuona ukicheza. Nimefika kwenye kiwanja chenu, nikaenda kwenye ua wa waya, miguu ikajipanga yenyewe. Mgongo uwanjani, macho kwa watu. Wazee wachache na kahawa zao, mbwa mmoja, na mamako.

"Karisa, geuka! Mtoto ameingia!"

"Nageuka, dada, nageuka."

Kabla sijageuka nikauona uso wa mamako. Luca, nyuso nimeziona, za watu waliolipa wakatoka nchi za mbali kuja kufurahi. Uso ule sijauona kwingine. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yakabaki yanacheka peke yake, na yule mbwa akaanza kubweka. Nilipogeuka, wewe ulikuwa umeshazama chini ya wenzako, naona kiatu chako tu.

Bao hilo nalisimulia mpaka leo pale Kilburn, kwa Papa Bahati, kinyozi wetu Mkongo.

"Mzee Karisa, wiki ilipita alipigia katikati ya kiwanja. Leo alipigia kwenye geti? Ile kiwanja yenu inaishiaka wapi?"

"Upepo, Papa Bahati. Upepo wa Italia wewe huujui."

"Ee, kumbe ni upepo ilifunga!"

Watu wanacheka, nami nacheka. Lakini juzi akaniuliza, "Na kijana, anaendelea?" Nikasema anapumzika, na bao sikulisimulia. Papa Bahati akazima mashine akanitazama. Hajazoea.

Kazi ipo, sikunyimi. Godoro lipo. Vibali vya kuishi huku ni kichwa kingine kinachouma, tutahangaika navyo. Lakini mamako ameniambia kuna timu nyingine, daraja lilelile, imekuita Jumamosi ikujaribu, nawe umesema huendi.

Nimeshabadilishana zamu na mwenzangu. Nakuja. Usipoenda, tutakaa jikoni kwa mamako, tutakula, sitakuuliza neno, na habari za London tutazipanga taratibu. Kuacha si aibu, na mimi sitamruhusu mtu akucheke, hata Papa Bahati.

Ukienda, nitakuwa pale kwenye ua. Nimemwomba mamako anishike mabega anigeuze mapema, kabla mpira haujaanza, na asiniachie mpaka filimbi ya mwisho. Hata ukikaa benchi. Safari hii nataka kukuona wewe.

Maji ya beseni yamepoa. Wacha nijifute miguu.

Ni mimi mjomba wako, kaka wa mamako,
Karisa