Kasha la Mpingo

Dodoma, 2 Februari 1916

Kwa shemeji yangu Msafiri, Kondoa.

Assalaam alaykum. Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa mmoja nimeukata kwa patasi. Dada yako Batuli hajambo, anauliza mguu wako. Mimi ni yule yule: tumbo limepungua, majivuno bado.

Nimepata kazi. Bwana wa bohari hapa bomani, Mdachi, anataka kasha la nguo kama la babu yake kwao Ulaya: miguu ya simba, maua kwenye kifuniko, na lionekane limekaa miaka mia. Nikamwuliza kwa nini asiingoje hiyo miaka. Hakucheka.

Shemeji, mimi huitwa fundi kwa kuwa mwingine hayupo, lakini jambo moja nimelielewa. Wanaume wa huku wanakamatwa kubeba mizigo ya vita na hawarudi. Mimi siguswi mpaka kasha liishe. Basi lisiishe upesi.

Alitaka mninga. Mninga ni laini, ningemaliza kabla mvua hazijakatika. Nikamwambia mpingo ndio huzaliwa mzee, akaupenda. Nikatie mpingo, ule mgumu wa kuvunja msumeno. Ukiwa na mafundo, heri zaidi. Matonya, mwuza ngozi, atakuja na punda wake.

Shemeji yako,
Halfani


Kondoa, 25 Februari 1916

Kwa shemeji Halfani.

Wa alaykum salaam. Sisi tupo. Mguu unauma, ila ndio ulioniokoa: askari walinitazama nikichechemea, wakacheka, wakaniacha. Mwambie Batuli asiuombee upone.

Magogo nimempa Matonya. Ni ya mti mkongwe wa kilimani. Shoka langu limepata mapengo. Lakini nikuulize, maana wewe hupima mbao tu, mengine hupimi: kasha zima la mpingo, mtu atalinyanyuaje?

Shemeji yako,
Msafiri


Dodoma, 9 Aprili 1916

Shemeji Msafiri,

Salamu nyingi kwako na kwa huo mguu mtukufu. Kulinyanyua ni shida ya mwenyewe. Mpingo wako hautoi ubao mrefu, kwa hiyo naunga vipande kimoja kimoja kama mshona viraka. Nikishaunga, nalipiga kwa mnyororo lipate makovu, natoboa matundu kwa msumari wa moto yaonekane ya wadudu, nasugua jivu na mafuta ya nyonyo. Kila Bwana akija namwambia bado halijazeeka. Juzi akanijibu, "Utazeeka wewe kwanza."

Batuli anasema hajawahi kuniona nikichelewa kwa bidii namna hii. Anacheka, lakini usiku halali usingizi wake wa zamani. Jirani yetu Yotham amechukuliwa pamoja na wanawe wote. Mkewe Zipora amebaki na kinu kisicho na mtama.

Tunasikia Waingereza wanakaribia kwenu. Nijibu upesi, hata kwa matusi.

Shemeji yako,
Halfani


Mtera, 6 Agosti 1916

Shemeji Msafiri,

Natumaini u mzima. Jibu lako sikulipata. Najua njia ya Kondoa imefungwa.

Waingereza walipoikaribia Dodoma, Bwana akaagiza kasha liletwe kama lilivyo. Akalipapasa, akasifu. Kisha akasema, "Aliyelitengeneza atalibeba. Yeye ndiye anayejua pa kulishika."

Tuko wanne, tunalibeba kwa miti miwili mabegani, tumefungwa kamba moja shingoni tusitoroke. Bega langu limezeeka bila jivu wala msumari. Wenzangu waliuliza ni fundi mjinga gani aliyetumia mpingo. Nikasema namjua, ni mwoga mmoja wa Dodoma. Walipogundua ni mimi, Bartolomayo, aliye nyuma yangu, alicheka mpaka akakohoa damu.

Kesho tunavuka Ruaha. Maji ni ya kifua, na mpingo, shemeji, hauelei. Nimemwomba Bwana alivunje, au basi atufungue kamba tukiwa majini. Amesema atafikiri.

Barua nampa Matonya. Naye walimkamata, sasa wanamwacha kwa kuwa anaharisha damu. Mungu amfikishe. Mwambie Batuli nakula vizuri. Mengine usimwambie.

Shemeji yako,
Halfani


Mtera, 12 Novemba 1916

Kwa shemeji Halfani.

Assalaam alaykum. Hali sikuulizi.

Matonya alipona, akanifikishia barua yako. Nimekuja kwa mguu huu huu wa kuchekwa. Mto umepungua. Kasha lako limekaa mchangani pale kwenye kivuko, limejaa tope, halijaachia hata kiungo kimoja. Makovu ya mnyororo wako na ya mawe ya mto siwezi kuyatenganisha. Wanawake wa hapa hulikalia wakifua.

Mmoja wao, Mama Lydia, alinipeleka ukingoni penye makaburi manne. Anasema kamba haikufunguliwa. Wanaume wa kijiji waliwatoa wote pamoja, na yupi alikuwa fundi hakuna aliyejua. Nimesoma dua kwenye yote manne. Bartolomayo anisamehe ikiwa dua zake ni nyingine.

Nilipompitia Dodoma, Batuli aliniomba nikuandikie kama kawaida, jibu atalingoja. Nilimwambia unakula vizuri.

Kabla sijaondoka nilishika kasha upande mmoja, nijaribu tu. Halikusogea.

Shemeji yako,
Msafiri