Balbu Mbili na Sanduku la Mayai

Jumatatu, 3 Machi

Mayai yameingia kwenye sanduku la kutotolesha. Sanduku nimelitengeneza mimi. Mbao mimi, misumari mimi, hata kidole gumba kilichovimba ni changu. Akaja fundi umeme kufunga balbu mbili tu, na sanduku likawa lake! Mke wangu kawaita majirani waje waone "kazi ya fundi". Na mimi seremala ni nani, mpita njia?

Mwanamume huyo ni mgane. Shati limenyooka kama karatasi. Nani anampigia pasi?

Akapima balbu moja ikiwaka: volti 240, ampea robo. "Dada, zidisha." Mke wangu akazidisha. Wati sitini! "Sasa volti gawanya kwa ampea." Mia tisa na sitini! Ndizo ohmu, yaani ukinzani wake. Majirani wakampigia makofi, naye mke wangu akacheka kile kicheko chake cha zamani. Nilidhani kiliisha tulipopata mtoto wa tatu.

Jumatano, 5 Machi

Nyumba nzima sasa ni hesabu. Ubavu wa sanduku langu umejaa chaki: volti mara ampea, volti mara volti gawanya kwa ohmu. Wakati wa kula: "Baba watoto, unajua pasi yetu inakula ampea nne?" Nikasema najua. Sikujua.

Miaka yote hii naranda mbao mbele ya mke wangu, hajaniuliza hata siku moja kwa nini mlango mmoja hukwama na mwingine haukwami. Lakini Bwana Volti (jina nimempa mimi, kimoyomoyo) akisema neno, linaandikwa ukutani!

Jumamosi, 8 Machi

Bwana Volti kaja "kuangalia joto". Joto kaliangalia mara moja, chai kainywa vikombe viwili. Kaondoka, kasahau kipimio chake cha umeme juu ya sanduku. Kasahau! Mimi sijawahi kusahau randa kwa watu. Huyu kajiwekea sababu ya kurudi.

Jumanne, 11 Machi

Nimemkamata!

Mke wangu kaenda kulala kwa dada yake anayeumwa. Nikachomoa balbu moja. Ikaniunguza, nikaingoja ipoe, nikaipima kwa kipimio chake mwenyewe. Ohmu sabini. Sabini! Siyo mia tisa na sitini. Nikafuata kanuni ya chaki, nikapiga hesabu juu ya kipande cha ubao mpaka jasho likanitoka. Wati mia nane na zaidi, balbu moja! Mbili je? Hilo si sanduku, ni tanuri. Jamaa anatupikia mayai!

Kipimajoto kinasema joto ni sawasawa. Lakini kipimajoto nacho alikileta nani?

Balbu sikuirudisha. Iko mfukoni. Kesho mke wangu atajua nani ana akili humu ndani.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi joto limeshuka kutoka digrii thelathini na saba hadi thelathini. Mayai baridi kama mawe ya mtoni. Nimerudisha balbu. Haijapita muda mke wangu kaingia, kashika yai moja, kaketi sakafuni na kanga yake ya safari. Ameviuza vifaranga kabla havijatoka, watu wameshaahidiwa. Nikasema umeme ulikatika. Ulimi wangu wenyewe ulisema, mimi nikausikia tu.

Akaitwa nani? Yeye.

Kainua kipimio chake. Swichi yake ya duara ilikuwa kwenye ohmu, nilivyoiacha. Kaitazama. Kanitazama mimi. Kaigeuza taratibu.

"Dada, kuna kitu sikukufundisha. Balbu ikiwa imepoa usiipime ohmu, itakudanganya. Uzi wake ukiwaka, ukinzani unapanda mara kumi na zaidi. Ndiyo maana tunapima volti na ampea inapowaka, ndipo tunagawanya."

"Sasa nani mwenye akili timamu aipime imepoa?"

"Hakuna, dada. Si kaka kasema umeme ulikatika?"

Hata wema kanizidi! Angenichoma palepale, ningemchukia kwa raha zangu.

Jumapili, 16 Machi

Mke wangu kayamulika mayai kwa tochi, moja moja. Mengine yana mishipa myekundu. Mengine giza tupu, yamekufa; kayaweka kando. Nikafungua kinywa nimwambie. Yakatoka maneno ya bawaba za mlango wa jikoni.

"Bawaba zina nini?"

"Hazina kitu."

Jumatatu, 24 Machi

Siku yenyewe ya vifaranga kutoka. Tangu asubuhi sandukuni kimya. Bwana Volti kaalikwa, yuko sebuleni, shati la leo lina mistari. Mke wangu yuko chumba cha nyuma, sikio kalibandika kwenye mbao zangu. Mimi nimesema natafuta miwani. Miwani iko usoni. Nimejifungia chumbani naandika.

Nimeamua. Vikitoka, namwambia. Visipotoka, namwambia vilevile — mimi ndiye niliyechomoa balbu. Si umeme. Kwa nini nilichomoa, hilo sijui nitalianzaje, mzee mzima na kitambi—

Ameita! "Njoo! Njoo uone, haraka!"

Anacheka au analia? Mlango umefungwa, sauti ya vyote viwili ni ileile.

Na kamwita nani? Hakusema baba watoto. Hakusema fundi. Njoo tu!

Kiti cha sebuleni kimelia. Nilikitengeneza mwenyewe, tabia yake naijua: hulia ukiinuka, hulia tena ukikaa. Kimelia mara moja. Kama ana adabu atakaa, aniache mimi niende.

Ameita tena.

Kiti bado hakijalia mara ya pili.